Mazoezi Bila Kuiga Lafudhi

Klabu yetu ya maigizo hapa Kalemie hukutana Jumamosi, na wiki hii zamu ya kuandaa mazoezi ni yangu. Zoezi linalopendwa kuliko yote ni la kuiga lafudhi: mmoja anaongea kama mtu wa kijijini, wengine wanakisia anatoka wapi, na watu wanavunjika mbavu. Wiki iliyopita wenzetu watatu walikataa kusimama lilipoanza. Nimeliondoa.

Nasomea isimu ya lugha za Kiafrika, na darasani lafudhi ni data. Kwenye maigizo mambo ni mengine. Mapigano kati ya Waluba na Watwa yalipopamba moto mwaka 2017, familia nyingi zilikimbilia pembezoni mwa mji huu. Kwa aliyepitia siku zile, swali la "huyu anatoka wapi?" halichekeshi.

Mfano wangu unatoka Lubumbashi, kwa kundi la Mufwankolo. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyeandika kitabu juu yao mwaka 1990, anaonyesha kwamba hawakuwa na maandishi ya kukariri: walikubaliana juu ya kisa, kisha kila mwigizaji akatafuta maneno yake katika Kiswahili cha mji wao.

Kwa hiyo nimepanga mazoezi matatu. La kwanza halina maneno: wawili wanabeba beseni la ndakala lisilokuwepo, na uzito uonekane mabegani. La pili, muuzaji na mnunuzi wanapatana bei kwa kuhesabu tu, moja hadi kumi. Hasira na ujanja vitoke kwenye kiimbo. La tatu linafuata njia ya Mufwankolo: mama anaomba nafasi ya kupanga samaki wake kwenye meza ya mwingine. Kila mmoja anatumia Kiswahili alichokuja nacho, awe anasema "watoto" au "batoto", "sokoni" au "ku soko". Sharti ni moja: kabla ya kujibu, taja kwanza haja ya mwenzako.

Mdogo wangu mmoja klabuni aliniuliza, "Yaya, tukiacha lafudhi, watu watacheka nini?" Nikamjibu: mnunuzi anayelia hana pesa huku mfuko umemvimba. Hakuridhika. Tutaona Jumamosi. Mimi nitawaangalia wale watatu, kama watasimama.