Jaza, Shindilia, Tia

Katika majira ya baridi ya 2021 niliombwa kutafsiri karatasi nne za maelekezo ya mashini ya kujazia risasi upya. Nilikuwa Louisville, katika jimbo la Kentucky, nyumbani kwa mpwa wangu. Mwenye haja alikuwa jirani yake, mzee wa Kibembe kutoka Fizi, Kivu ya Kusini, aliyeingia Marekani akiwa mkimbizi na sasa ni raia. Anasoma Kiswahili na Kifaransa; Kiingereza chake ni cha dukani na kazini. Kila Novemba huenda kuwinda kulungu kwa bunduki inayotumia risasi ya thelathini-thelathini, aina iliyotoka kiwandani mwaka 1895 na ambayo wawindaji wa huko hawajaichoka hadi leo. Mwaka 2020 na 2021 risasi ziliadimika madukani na bei zikapanda. Ndipo mzee aliponunua mashini ya bei ndogo kuliko zote alizoziona, akaifunga kwenye meza ya mbao, na baada ya wiki mbili ikaanza kumgomea.

Msomaji wa Visiwani huenda akauliza mshairi anatafuta nini kwenye baruti. Lakini lugha yetu imekaa na baruti siku nyingi. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kubwa la bunduki zilizokwenda bara, mpaka Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipoibana biashara hiyo. Bunduki zilipita, maneno yakabaki: gumegume, fataki, marisawa, mdeki wa kushindilia, kalibu ya kusubia risasi. Nilidhani basi kwamba kazi hii itakuwa nyepesi, maana msamiati upo, tena wa kwetu. Kumbe taabu yote ilikuwa humo humo katika msamiati.

Kwanza niieleze mashini. Ni chuma chepesi chenye umbo la herufi C, chenye mkono mrefu ubavuni. Ukiushusha mkono, mchi hupanda ukiwa umelishika ganda tupu la shaba na kulisukuma ndani ya kalibu iliyofungwa juu kwa hesi. Ganda lililokwisha kupigwa huwa limetanuka kwa moto. Kalibu hulirudisha umbo lake, na pini iliyo katikati huisukuma nje fataki iliyokufa. Kisha huwekwa fataki mpya, baruti, na mwisho kichwa cha risasi. Basi. Mashini za ghali hufanya kazi hiyo hiyo, ila chuma chake ni kizito zaidi na hakipindi.

Sasa neno. Sote husema “kujaza risasi”, na mimi mwenyewe nimelitumia hapo juu kwa kuwa hakuna lililozoeleka zaidi. Lakini kujaza kwa Kiswahili ni kutia mpaka pomoni. Ukimwambia mtu “jaza baruti kwenye ganda”, naye akafanya kama alivyoambiwa, unaweza kumpofusha. Baruti hupimwa kwa uzito, kwenye mizani ndogo, kwa mujibu wa jedwali la kitabu. Baruti fulani hulikaribia shingo la ganda, nyingine haifiki nusu, na kipimo cha hii kikitiwa kwa ile, mtutu hupasuka.

“Shindilia” ni baya zaidi, na ndilo neno la wazee wetu. Gobore hushindiliwa: baruti nyeusi haitaki nafasi ya hewa kati yake na risasi, kwa hiyo mdeki huigandamiza. Mzee aliniambia kuwa utotoni aliwaona wajomba zake wakifanya hivyo. “Kule kwetu, Mwalimu, walikuwa wanashindilia mpaka fimbo iruke.” Kweli, kuruka kwa mdeki ndiko kulikowajulisha kuwa shehena imekaa. Lakini baruti isiyo na moshi, aliyoibuni Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, haina sheria hizo. Nguvu yake ni kubwa mno, na anayeishindilia kwa mazoea ya gobore anacheza na macho yake. Nikayafuta maneno yote mawili katika rasimu. Nikaandika “tia baruti iliyopimwa”, na palipohitaji kurudiwa, nikarudia neno kwa neno. Katika shairi ningeona haya kurudia hivyo.

Na “risasi” yenyewe? Kwetu ni madini, ni kile kichwa kinachoruka, na ni kitu kizima chenye ganda na baruti ndani. Maana tatu katika karatasi moja ni nyingi. Mzee alinitatulia bila kujua, kwa kuwa Wakongo husema “masasi” kwa kile kizima. Nikamwachia masasi yake, kichwa nikakiita kichwa, na madini nikayaita madini.

Hapo ndipo tulipoweza kuigeukia mashini. Ugonjwa mkubwa ulikuwa ganda kunasa ndani ya kalibu. “Iko inakamata, haiachilii,” alisema, na alikuwa ameuvuta mkono kwa nguvu zote hata ukingo wa kitako ukachanika, ganda likabaki ndani kama jino lililovunjikia kwenye fizi. Karatasi za kiwanda zilisema neno moja tu kuhusu mafuta, tena mwishoni kabisa. Kwa rai yangu lilipasa kuwa la kwanza, nami nikalipandisha juu. Ganda la bunduki hupakwa mafuta membamba ya kulainishia kabla ya kuingia katika kalibu hiyo. Likiwa kavu, shaba hushikana na chuma. Lakini yakizidi nayo hukusanyika begani na kulibonyeza ganda. Vidole vyenye mafuta visiguse fataki wala baruti. Na mkono ukigoma, uachwe. Kalibu ifunguliwe, kitako cha ganda kitobolewe na kutiwa hesi, livutwe kwa skurubu. Tulifanya hivyo kwa mchana mzima, na kalibu ikapona.

Mengine yalikuwa madogo. Masizi ya fataki zilizokufa yalikuwa yakimwagikia mchi, nayo hukwaruza kama mchanga. Tulifuta kwa kitambaa kikavu, tukatia tone moja la mafuta, maana mafuta mengi huyashika masizi. Fataki mpya zilikuwa zikisimama juu ya kitako badala ya kulala sawa nacho, kwa sababu mfuko wake ulikuwa na uchafu. Vichwa vilikuwa vikiingia kwa vina tofauti, naye akailaumu mashini. Kumbe nati ya kukazia kalibu ilikuwa ikilegea kidogo kidogo, na ile meza ya mbao ilikuwa ikicheza kila mkono ushukapo. Boliti mbili ndefu na ubao mnene chini yake vilitosha. Pini ilikuwa imepinda kwa ganda la kigeni lenye matundu mawili madogo badala ya moja la katikati. Mfumo wa tundu moja ulibuniwa na Mwingereza, Boxer, nao ndio uliotawala Marekani. Ule wa matundu mawili ni wa Mmarekani, Berdan, na Ulaya ndiko ulikopendwa. Mzee alicheka sana aliposikia hilo.

Kuna kipengele kimoja ambacho nilikiongeza mwenyewe, baada ya kumwona mpwa wangu akikifanya. Kabla ya kuweka kichwa hata kimoja, maganda yote yapangwe kwenye kibao na kila mdomo umulikwe kwa tochi. Lisilo na baruti huweza kuacha kichwa kimekwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikakigonga. Lililotiwa mara mbili halihitaji maelezo. Hali kadhalika ganda kuukuu lipapaswe ndani kwa waya uliopindwa ncha. Waya ukinasa kwenye mfereji karibu na kitako, ganda hilo limechoka, litupwe.

Mzee alizinakili karatasi zangu kwa mkono wake, herufi kubwa, akazibandika ukutani juu ya mashini. Ukurasa wa jedwali la vipimo sikuutafsiri. Tarakimu ni zile zile, na jina la baruti lazima lifanane, herufi kwa herufi, na lililoandikwa kwenye kopo. Akaubandika wa asili, kwa Kiingereza, kando ya Kiswahili, na chini yake akaandika: kopo moja tu mezani.