Kilemba cha Jogoo

Waingereza wa kale, walipomwona mtu ajipambaye kupita kiasi na kutembea ili atazamwe tu, walimtaja kwa jina la kilemba cha jogoo. Jina hilo lilitokana na kofia ya mchekeshaji wa jumba la mfalme, iliyoshonwa kwa mfano wa kile kinachosimama juu ya kichwa cha jogoo. Katika Kiswahili mtu huyo aliitwa malidadi. Na neno hilo, ambalo siku hizi ni sifa tupu, zamani lilichanganyika na kebehi.

Kwetu Kongo umalidadi una hata chama chake. Vijana wa Kinshasa na Brazzaville wanauita Sape, na Papa Wemba, mwimbaji aliyeanguka jukwaani Abidjan na kufariki tarehe 24 Aprili 2016, alikuwa kama mfalme wao. Tusiwahukumu upesi. Wakati wa Mobutu suti na tai zilikatazwa, wanaume wakatakiwa kuvaa abakosti, na katazo hilo liliondolewa mwaka 1990 tu. Siku zile kuvaa tai kulikuwa namna ya ukaidi, wala haukuwa ukaidi wa kipumbavu.

Lakini Katanika si Paris. Hapa ndipo watu waliokimbia mapigano ya Watwa na Waluba walipojenga vibanda vyao mwaka 2017. Hata hivyo, Jumapili utamwona kijana akishuka njia ya vumbi na viatu vyenye ncha, akiinua suruali kila hatua tano ili soksi zionekane. Sisi walimu twapenda usafi: shati moja lililofuliwa na kushonwa vema latosha kumpa mtu heshima. Hayo ni mambo mengine kabisa.

Twamfahamu mmoja wao. Viatu vyake vilinunuliwa kwa fedha ambayo mama yake aliipata kwa kuuza dagaa sokoni, nayo ilikuwa imewekwa kwa masomo ya dada yake mdogo katika shule ya sekondari. Rafiki zake humvika kilemba cha ukoka, naye huamini kila neno. Mama hamkemei. Amevaa kitenge kilichopauka, lakini mwanawe apitapo watu wakageuka, uso wake hung'aa. Ni nani kati yetu atakayemnyima furaha hiyo?

Na yule dada, ambaye hajarudi darasani tangu Pasaka, ndiye ampigiaye kaka yake shati kwa pasi ya makaa kila Jumamosi jioni.