Tabora kwa lenzi ndefu: mtoto apige nini, na kwa nini kamera inagoma

Mzazi, kama likizo hii mnapanda treni ya Reli ya Kati kwenda Tabora na mtoto ana kamera, mpangie ratiba kwa kuangalia lenzi yake.

Anzeni Kwihara, kilomita chache nje ya mji. Hapo ndipo lilipo tembe ambamo Livingstone alikaa miezi kadhaa mwaka 1872, akisubiri wapagazi kutoka pwani. Kuta na milango yake hupigika vizuri hata kwa simu. Lenzi ndefu ina kazi kwingine: ndege wa Bwawa la Igombe, mizinga ya nyuki iliyotundikwa juu kwenye miti ya miombo, na ndege wanaojificha kwenye miembe mikubwa ya njia ya zamani ya misafara.

Kwenye kivuli cha miembe hiyo ndipo malalamiko huanza: “Baba, kamera inatafutatafuta tu, haikamati!” Mara nyingi mtoto hana kosa. Tazama kama amefunga telekonvata, kile kipande kinachokaa kati ya kamera na lenzi ili kuvuta zaidi.

Misafara iliyopita huku ililipa hongo kwa watemi ili ipishwe njia. Telekonvata nayo hutoza hongo yake, nayo ni mwanga. Ile ya 1.4x huchukua nusu ya mwanga, na ya 2x hukuachia robo tu. Lenzi ambayo tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6 inageuka kuwa f/8 kwa ile ya kwanza, na f/11 kwa ya pili.

Kamera za kioo, yaani DSLR, hulenga kwa kulinganisha miale inayopita pande mbili za tundu la lenzi. Tundu likiwa dogo, miale ya pembeni huzibwa na kamera hukosa cha kulinganisha. Nyingi zimetengenezwa kulenga hadi f/5.6. Baadhi hufika f/8, lakini mara nyingi kwa nukta ya katikati au chache za jirani. Nyingine zote huzimika. Ikifika f/11, kwa kawaida inabidi kuzungusha pete kwa mkono. Kamera zisizo na kioo hulengea kwenye kihisi cha picha chenyewe, hivyo nyingi huweza hata f/11, ingawa baadhi hupunguza eneo la kulengea na hupungua kasi kwenye kivuli.

Jambo moja huwachanganya wengi. Mtoto akichagua f/16 ili safu yote ya miembe ionekane kali, kamera ya kioo hailemewi. Hulenga tundu likiwa wazi kabisa, kisha hulibana wakati wa kupiga tu. Kinachohesabika ni upana wa mwisho wa lenzi pamoja na telekonvata.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya kutoa fedha, soma kitabu cha kamera uone inalenga hadi f ngapi, au ijaribu dukani ikiwa na lenzi yenu. Mkifika, mwache mtoto aanze na mzinga: hauruki. Achague nukta ya katikati na ailenge kwenye ukingo wa mzinga unaopakana na anga, kwa sababu kamera hushika haraka pale giza na mwanga vinapokutana. Mkiingia kivulini, aitoe telekonvata, apige, kisha aikate picha baadaye nyumbani.

Mwambie haya mapema, kabla hajaanza kuamini kwamba hajui kupiga picha. Ndege akiruka, atajua kilichomkosesha, na atamsubiri mwingine.