Kusafisha Injini

Msomaji, huenda ukastaajabu kuona uchafu wa pikipiki umetungiwa insha. Subiri nikueleze jambo lililonipata nyumbani kwangu Kikambala, kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malindi.

Nina pikipiki ambayo mpwa wangu huchukulia abiria kwa nauli. Ni kazi ya bodaboda, iliyoanzia kwa baiskeli huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960. Kila juma oili ya injini ilipungua. Nilimdhania kuwa aiuza, na jioni moja nikamwambia hivyo mbele ya watu. Hakujibu neno. Aliinamisha kichwa, akaingia ndani.

Asubuhi yake niliazimu kuisafisha injini. Vumbi, oili na chumvi ya upepo wa bahari vilikuwa vimegandamana hata chuma hakikuonekana. Usiioshe injini ingali moto, kwa maana maji baridi yaweza kukidhuru chuma kilichotanuka. Niliiacha ipoe, nikaziba ekzosti na mlango wa hewa kwa vitambaa. Kisha nilipaka mafuta ya taa kwa brashi. Petroli sikuigusa, kwa sababu mvuke wake huwaka kwa cheche moja. Nikasugua kwa makumbi ya nazi, nikaosha kwa sabuni na maji machache. Mapezi ya silinda, yaliyopangwa kama ya samaki, yakaonekana tena. Hayo ndiyo yatoayo joto hewani. Yakifunikwa na uchafu, joto hukosa njia.

Niliikausha injini, nikaiwasha. Punde tone jeusi likachomoza chini ya kifuniko cha ubavuni, likashuka, likafuatwa na jingine. Gasketi ilikuwa imepasuka! Mwizi wa oili alikuwa amejificha chini ya uchafu niliouacha mwenyewe, nami nilikuwa nikimtafuta katika moyo wa mtoto asiye na hatia.

Jioni niliwaita watu wale wale, nikasema mbele yao, "Mwanangu, nilikukosea. Nisamehe."

"Yamekwisha, mjomba," alijibu. Lakini hakuniangalia usoni.

Gasketi nilibadili kwa saa moja. Ule uso ulichukua miezi kunirudia. Basi, msomaji, kabla ya kumshuku mtu, safisha kwanza kilicho mbele yako, ukitazame vema.