Giza la Bugala

Mwaka 2006 umeme wa Kampala ulikuwa wa zamu. Leo mnapata nyinyi, kesho wanapata majirani. Fundi cherehani wa Katwe aliijua ratiba ya mgao kuliko tarehe ya kulipa kodi ya nyumba. Ziwa Victoria lilikuwa limeshuka, mitambo ya Jinja ikakosa maji ya kuitosha, na kila duka lililojiweza likaweka jenereta mlangoni. Katika hali hiyo, mtu mzima mwenye akili timamu kufunga safari kwenda kulala mahali pasipo na umeme kabisa, tena kwa kulipa, lilikuwa jambo la kuchekesha. Mama yangu alicheka kweli.

“Giza la hapa Nsambya halikutoshi mpaka ukanunue jingine?”

Giza nililokuwa nikilinunua lilikuwa Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ssese. Visiwa hivyo ni 84, vyote viko ndani ya wilaya ya Kalangala, na kutoka Entebbe siku ya hali njema unaona baadhi yake kwa macho. Nilianza kwenda huko mwishoni mwa miaka ya 1990, nikiwa karani kijana, mwenye mshahara mdogo na kiu kubwa ya kuwa mahali ambapo hakuna mtu wa kunituma.

Wakati huo hapakuwa na meli ya abiria kutoka Entebbe. Ulikwenda Kasenyi ukatafuta boti ya mbao. Gati halikuwepo, na boti haikuweza kusogea hadi ufukweni, kwa hiyo safari ilianzia mgongoni mwa mtu. Kijana usiyemjua anainama mbele yako, unampanda, viatu vyako umevishika mkononi, anaingia majini hadi kiunoni, kisha anakutua ndani ya boti kama gunia la mkaa na kugeuka kumfuata mwingine. Ukimpa noti kubwa, chenji utaidai ukiwa ndani ya boti na yeye akiwa majini, na hapo boti imeshaanza kuondoka. Wanawake wenye heshima zao walifumba macho mwanzo hadi mwisho. Tukishajaa, tulikaa juu ya kreti za soda, magodoro na magunia ya unga. Jaketi za kujiokolea zilikuwa chache kuliko abiria, na aliyeuliza alionekana mwoga.

Banda lilikuwa upande wa ghuba ya Lutoboka, juu kidogo ya maji. Kuta za mbao, paa la nyasi, kitanda cha miti, chandarua, meza moja. Mwenyewe alikuwa mzee aliyejua Kiswahili cha Kisumu, alikowahi kufanya kazi ya kupakia meli enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Mimi nililelewa katika kota za reli, ambako Mganda, Mluo na Mteso walilea watoto kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokuwa lugha ya karakana. Siku alipojua kwamba baba yangu alikuwa fundi wa reli, mzee aliacha kuniita “ssebo”, yaani bwana, akaanza kuniita mwanangu, na bei ya banda ikashuka.

Mambo ya jioni pale yalikuwa na utaratibu wake. Saa kumi na mbili mzee alikuja na taa ya chemli, akaiweka juu ya meza, akatoa kioo na kukifuta masizi kwa karatasi ya gazeti. Kisha akashika wembe na kukata ncha ya utambi iliyoungua, sawasawa, bila kuacha pembe, kwa sababu utambi wenye pembe hutoa moshi na kula mafuta. Mafuta ya taa yalitoka bara kwa boti, na bei yake ilipanda kila yalipovuka maji. Ndani kwake mwenyewe hakuwasha chemli. Aliwasha tadoba, kile kikopo chenye utambi wa pamba, na wajukuu wake wakasoma wakiwa wamekizunguka huku pua zao zikiwa nyeusi. Mimi niliwaona. Nilirudi bandani kwangu nikaketi barazani kuufurahia utulivu.

Maji ya kuoga nayo hayakutoka ziwani moja kwa moja. Yalitekwa mapema yakakaa kwenye pipa siku mbili, kwa kuwa vijidudu vya kichocho visipopata mwili wa kuingia katika muda huo hufa. Mzee hakuhitaji daktari kumweleza hilo. Alikuwa amezika watu. Simu ilishika mtandao mahali pamoja tu, juu mlimani chini ya mti, na pale ungewakuta mwalimu, mfanyabiashara wa samaki na kijana mwenye mchumba Masaka, kila mmoja akisubiri zamu bila kusikiliza ya mwenzake, au akijifanya hasikilizi.

Na usiku? Watu hudhani usiku wa ziwa ni giza tupu. Siku za mbalamwezi ndipo ziwa lilipokuwa tupu. Mwezi ukishafichika, wavuvi wa mukene, dagaa wetu wa ziwani, walitoka na taa za karabai, maana dagaa hufuata mwanga, na mwezi ukiwepo taa haiwavuti. Basi usiku wenye giza kuu ndio uliokuwa na taa nyingi majini, mstari mrefu unaoyumbayumba hadi karibu na upeo wa macho. Kiboko alikoroma upande wa matete. Alfajiri hondohondo walipita juu ya paa kwa mshindo wa mbawa ambao ukiusikia mara ya kwanza unadhani ni upepo mkali, na tumbili walishuka kukagua mlichosahau nje.

Tulipaita porini. Katika barua niliyomwandikia rafiki yangu wa Nairobi nilisema ni msitu ambao haujaguswa tangu dunia kuumbwa. Mzee ndiye aliyenisimulia habari za bibi yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu zaidi ya 200,000 katika nchi za kaskazini mwa ziwa hili. Mwaka 1906 Robert Koch, Mjerumani aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla, aliweka kambi Bugala akawa anawadunga wagonjwa sindano za atoksili, dawa yenye sumu ya arseniki. Baadhi walipata nafuu, wengine walipofuka. Kisha, mnamo 1909, serikali ya kikoloni ikaamua kuwahamisha watu wote wa Ssese kuwapeleka bara, mbali na mbung’o. Bibi yake mzee alikuwa msichana mdogo aliyebebwa kwa mtumbwi huku migomba ya kwao ikiachwa na mikungu yake. Kwa zaidi ya miaka kumi visiwa vilikaa bila wenyewe. Waliporudi, alisema mzee, walitafuta viwanja vya nyumba zao katikati ya miti.

Kwa hiyo sehemu ya “pori” lile nililokuwa nikilisifia ilikuwa shamba la watu lililoachwa kwa amri. Hata utakatifu wake ulikuwa na wenyewe: katika kisiwa cha jirani cha Bubembe ndiko kulikokuwa na hekalu la Mukasa, mungu wa ziwa, na Kabaka wa Buganda alipeleka sadaka zake huko. Ssese haikuwahi kuwa mahali pasipo na mtu. Ilikuwa mahali ambapo sisi wa mjini hatukumjua mtu.

Mabadiliko hayakuja kwa mlango mmoja. Januari 2006 meli ya MV Kalangala ilianza kazi kati ya Nakiwogo, Entebbe, na Lutoboka. Iliundwa na karakana ya Songoro ya Mwanza, jambo lililomfurahisha mzee kwa sababu alisema angalau mafundi wake wangeweza kusalimiana naye. Uliketi kwenye kiti, ukanunua chai, ukafika nguo zako zikiwa kavu. Ule mwaka wa mgao mkali Kampala ndio mwaka Bugala ilipopata wageni wengi wa wikiendi, na kwa kuwa ziwa lilikuwa limeshuka, ufukwe ulikuwa mpana na mweupe, ukiita wajenzi. Walijenga. Vibanda, baa, viti vya plastiki, jenereta na muziki hadi usiku wa manane. Sisi wageni wa zamani tulinung’unika, kila mmoja akiamini kwamba yeye ndiye mgeni wa mwisho aliyestahili kufika.

Lakini kelele za baa ni jambo dogo. Kubwa lilikuwa michikichi. Chini ya mradi wa serikali wa mafuta ya kula, uliosaidiwa kwa mkopo wa shirika la IFAD, kampuni moja ilipewa ardhi ya shamba mama, na wakulima wadogo wakapanda kandokando yake. Upandaji ulianza mnamo 2005. Hesabu iliyopangwa kwa Bugala ilikuwa hekta 6,500 za kampuni na hekta 3,500 za wakulima, na hiki ni kisiwa unachoweza kukimaliza kwa pikipiki kabla ya chakula cha mchana. Safari moja nilitembea njia niliyoizoea kwenda upande wa pili, nikatoka msituni mahali nilipotarajia kuendelea na msitu. Mbele yangu vilima vyote vilikuwa na michikichi michanga iliyopangwa kwa mistari, na juu yake anga pana nisilolijua. Hondohondo wanahitaji mti mkubwa wenye tundu ili watage. Mchikichi hauna tundu hilo.

Nilimwendea mzee nikitarajia tulie pamoja. Alinisikiliza, kisha akaniambia kwamba mwanawe amepanda ekari kadhaa. Mavuno yalipoanza, mnamo 2010, yule mwana alikuwa akipokea fedha kila mwezi, kitu ambacho samaki hawakuwahi kumpa, kwa kuwa samaki hutoa leo wakanyima wiki nzima. Nyumba ya matofali ikasimama. Binti yake akaenda shule ya bweni Masaka. Si wakulima wote waliopata hivyo, na wapo waliopoteza viunga vyao na kubaki vibarua katika ardhi waliyokuwa wakilima. Malalamiko yao yalifika mahakamani. Naandika yote mawili kwa sababu nimeyaona yote mawili.

Umeme ulifika baada ya hapo, kutoka kituo cha Bukuzindu kisiwani humohumo: megawati 1.6 za paneli za sola na jenereta za dizeli kwa pamoja, bila waya wowote kutoka Jinja. Mzee alifunga taa ndani kwa wajukuu kwanza, kisha moja barazani kwake, kisha moja nje ya banda langu. Ile ya nje iliwaka hadi asubuhi. Usiku wa kwanza nilishindwa kulala, nikamfuata nikamwomba aizime, nikaeleza habari za nyota.

“Mwanangu,” alisema, “mimi giza nimekaa nalo miaka sabini. Wewe umekaa nalo siku tatu.”

Hakuizima. Kesho yake alinipeleka kituo cha afya kunionyesha friji ya chanjo, akasimama kando yake na kuigonga mlango kwa kidole, taratibu, mara mbili, bila kusema lolote.

Alifariki kabla ya mwaka 2020, na kwa hilo alikosa kuona hoja yake nyingine ikishinda. Miaka yote tulimlaumu kwa nini banda lake liko mbali na maji, tukitembea na ndoo na taulo kwenye mteremko ilhali wenzetu wanafungua mlango na kukanyaga mchanga. Yeye aliyakumbuka mafuriko yaliyofuata uhuru, ziwa lilipofika mita 13.41 kwenye kipimo cha Jinja mwaka 1964, na alijenga juu ya alama aliyoiona akiwa kijana. Mei 2020 kipimo kilifika 13.42. Ufukwe wa Lutoboka ulimezwa. Baa na vibanda vya 2006 vikasimama majini hadi madirishani. Banda la mzee halikulowa hata ngazi.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, tukiwa tumefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, ziwa lililofura liling’oa kisiwa cha matete kikaelea hadi kwenye mitambo ya Jinja na kuiziba. Aprili 14 umeme ulikatika nchi nzima. Niliwasha mshumaa Kampala, nikamkumbuka mama na swali lake, nikawaza kwamba kisiwa nilichokuwa nikikimbilia ili kuukwepa umeme sasa kina kituo chake kisichoitegemea Jinja.

Siku hizi mjini utaona matangazo ya nyumba za mbao kando ya maziwa yetu, mishumaa, hakuna televisheni, hakuna mtandao, bei kwa dola. Sina ugomvi nazo. Mimi ni mteja wao wa zamani. Ila sikubaliani na wanaosema Bugala iliharibiwa na umeme. Taa haikukata mti hata mmoja. Kilichopotea na ambacho hakirudi kwa kubonyeza swichi ni msitu, na msitu ulikatwa kwa sababu uliposimama haukumlipia mtu yeyote pale kisiwani karo ya shule. Mkulima alipata mtu wa kununua mawese. Hakupata wa kununua kivuli cha mvule.

Vipande vya msitu bado vipo, vingine ndani ya hifadhi za serikali, na kasuku wa kijivu bado wanaonekana. Ukienda, usiulize kama banda lina umeme. Uliza msitu uliobaki uko wapi, mtafute kijana wa kisiwani akutembeze nusu siku, na umlipe vizuri bila kuomba punguzo. Na botini vaa jaketi, hata kama wenzako watacheka.