Mkweme Usiozaa

Sisi walimu twapenda kuandika habari za mambo tuliyowafundisha wengine. Mimi leo nataka kuandika habari ya jambo nililofundishwa, tena nilifundishwa kwa hasara, na aliyenifundisha hakupata kukaa darasani hata siku moja. Huyo ni mama yangu mzazi.

Kwetu ni Uchagani, katika mteremko wa Mlima Kilimanjaro. Kihamba chetu ni kama vihamba vya jirani zetu: migomba, na kahawa chini ya migomba, na juu ya yote miti mikubwa ya kivuli, na mfereji wa maji upitao kando. Katika miti hiyo mmoja ni mringaringa uliopandwa na babu yangu, na juu yake umetambaa mkweme. Mgeni apitaye njiani haoni ila majani mengi yaliyoufunika mti. Lakini akiinua macho huyaona matunda makubwa yananing'inia, naye huondoka upesi mahali pale asije akaangukiwa.

Mkweme ni wa jamaa ya maboga na mamung'unya, walakini haufi baada ya msimu mmoja kama hayo. Shina lake hugeuka gumu kama la mti, nao huishi miaka mingi, na waweza kupanda juu hata mita 30. Tunda lake ni refu, lenye mbavu kama za boga, na lililo kubwa sana hufika uzito wa kilo 15. Ndani yake mna mbegu bapa za mviringo, zenye upana wa sentimeta 3 au 4, tangu 60 hata 200 katika tunda moja. Mbegu hizo ndizo kweme. Asili ya mmea huu ni nchi yetu ya Tanzania pamoja na kaskazini ya Msumbiji. Wataalamu huuita Telfairia pedata, kwa heshima ya Charles Telfair, aliyekaa kisiwani Morisi na kufariki mwaka 1833. Ndugu yake mmoja hulimwa sana Nigeria, nao watu wa huko humwita ugu na kumla majani. Sisi twala mbegu.

Kwetu kweme ni chakula cha mzazi. Mwanamke akiisha kujifungua, mama wa mume huja kumtunza, humpikia mtori, akaponda kweme na kuzitia ndani ya mtori au uji au maziwa, ili mama apate nguvu na mtoto apate kunyonya. Ndivyo alivyotunzwa mke wangu mwaka 1999, alipomzaa binti yetu wa kwanza. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nilikula kweme zile pamoja nao kwa sababu ni tamu, wala sikuuliza zimetoka wapi, wala zimepatikanaje.

Mwaka 2001 baba yangu alifariki, nami kwa kuwa ni kitinda mimba nikakirithi kihamba, kama ilivyo desturi yetu. Basi nikaanza kukitazama kwa macho ya mtu aliyesoma. Niliona migomba imesongamana, nikaipunguza. Niliona kahawa imezeeka, nikaikata ili ichipuke. Katika hayo sikukosea. Kisha nikatazama juu, nikaona ya kuwa tuna mikweme mitatu: miwili katika mringaringa, nayo ilizaa, na mmoja peke yake katika mti mwingine karibu na mfereji, nao haukuzaa. Nikauchunguza huo mmoja mwaka mzima. Ulitoa maua mengi, vishada kwa vishada, lakini sikuona tunda hata moja. Nikajiambia moyoni, "Huu wala maji na mbolea bure, tena umeufunika mti hata matawi yake yanakauka."

Mwaka 2003, mama alipokwenda kumtunza dada yangu aliyejifungua, nilichukua panga na jembe. Nikaukata mkweme ule chini, nikang'oa na mizizi, nikavuta kamba zake zote na kuwapa mbuzi majani. Niliona nimefanya kazi njema, na siku ile nililala kwa furaha.

Mama aliporudi alisimama chini ya mti ule mweupe kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, ni nani aliyekuagiza kuukata?"

Nikamjibu, "Mama, haukuzaa."

Hakunijibu neno. Akaingia jikoni. Nami nilidhani ananyamaza kwa kuwa hoja yangu imemshinda, kumbe ananyamaza kwa kuwa jambo limekwisha kuharibika na maneno hayalirudishi.

Mwaka uliofuata mikweme miwili ya mringaringa ilichanua kama kawaida, lakini maua yake yakanyauka na kuanguka. Tukasema labda ni jua. Mwaka 2005 ikawa vivyo hivyo, na mwaka huo mvua ilikuwa ya kutosha. Kweme zilizokuwa zimewekwa darini zikaisha. Na mwaka huo huo mke wangu akajifungua mtoto wetu wa pili, mvulana, naye alikuwa mdogo, na maziwa ya mama yake yalikuwa machache. Tuliwapeleka zahanati. Muuguzi alitushauri mtoto anyonyeshwe mara nyingi, usiku na mchana, na mama ale vizuri na kunywa vya kutosha. Tulirudi nyumbani, na mama akapanda darini kutafuta kweme. Akashuka na kikapu kitupu.

Hapo ndipo nilipoona aibu. Mikweme mingine ilikuwa mbali, ng'ambo ya korongo, kwa jirani mmoja mwanamke mzee. Nilikwenda kwake jioni, nimeshika fedha mkononi. Nilipomweleza haja yangu alijaza kweme katika kitambaa, akanipa, na fedha akazikataa. Akaniambia, "Kweme za mzazi haziuzwi. Lakini mbona kwenu ipo mikweme?" Nikakosa la kusema.

Usiku ule nilikaa na mama jikoni, tukibandua maganda, nikamwambia, "Mama, nilikosa. Nifundishe." Naye akanifundisha. Alisema ya kuwa mikweme ni kama ng'ombe: iko midume na iko mijike. Jike ndilo lizaalo, lakini halizai pasipo dume. Mmea ule nilioukata ulikuwa dume, tena dume la pekee katika kihamba chetu, na marehemu baba alikuwa ameulinda miaka mingi.

Baadaye nilisoma vitabu vya mimea, nikaona maneno ya mama ni kweli tupu. Maua ya dume hutoka kwa vishada, nayo ndiyo yenye vumbi la kuzalishia. Ua la jike hutoka peke yake, na chini yake pana kitunda kidogo. Yote mawili yana rangi ya zambarau iliyochanganyika na nyekundu, na kingo zake zina tamvua. Vumbi la dume lisipolifikia ua la jike, ua huanguka. Dume moja latosha majike mengi, kwa hiyo mtu mwenye mikweme michache aweza kuwa na dume moja tu. Naye akilikata, amezikata zote.

Shida nyingine ni hii: ukiitazama mbegu, huwezi kujua itatoa dume au jike. Sharti uipande na kungoja maua, na maua hayatoki kabla ya mwaka wa pili. Kwa hiyo nilipanda mbegu sita mahali mbalimbali chini ya miti. Mama alinionya nisipande chini ya mparachichi wala mti wowote ambao naupenda matunda yake, kwa maana mkweme una uzito mwingi, hufunika mti na kuvunja matawi, na mara nyingine huuua kabisa. Mwaka 2007 mimea minne iliyosalia ilichanua: mitatu jike, mmoja dume. Mama aliitwa kutoka jikoni, akaja na mkongojo wake, akatazama kile kishada cha maua, akacheka. Tangu kuchanua hata tunda kukomaa ni miezi mitano hivi, na matunda ya kwanza yalipopasuka na kumwaga mbegu zake tuliziokota sote, hata yule mtoto aliyezaliwa mwaka wa kikapu kitupu.

Kwa faida ya wasomaji, nitaeleza jinsi ya kuzitengeneza. Mbegu zikitoka katika tunda huoshwa kwa maji, na maji hubadilishwa mara kadhaa, mpaka utelezi wote utoke, maana ni mchungu. Kisha huanikwa juani mpaka zikauke. Kila mbegu imefungwa kwa nyuzi kama wavu, na nyuzi hizo nazo ni chungu; huondolewa zote, ndipo ganda hupasuliwa ukingoni kwa kisu. Kiini huliwa kibichi, au hukaangwa, au hupondwa katika chakula. Zaidi ya nusu ya uzito wa kiini ni mafuta mazuri ya kupikia, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni chakula cha kujenga mwili. Watu wengine huyatumia mafuta hayo kwa maumivu ya tumbo na ya viungo.

Je, kweme ni dawa? Mama aliita dawa, nami sitaki kumpinga kaburini. Walakini nitasema hivi: mzazi amepungukiwa nguvu, naye akila chakula chenye mafuta mengi na cha kujenga mwili, na akitunzwa na watu wampendao, na mtoto akinyonya mara nyingi, hapana ajabu wakinawiri wote wawili. Ndivyo ilivyokuwa kwa mke wangu na kijana wetu. Lakini mtoto asiyeongezeka uzito sharti apelekwe zahanati, na kikapu kilichojaa kweme hakiondoi wajibu huo. Mama mwenyewe ndiye aliyetuhimiza kwenda kwanza kwa muuguzi.

Mama alifariki mwaka 2014. Mwaka 2024 binti yetu alijifungua mtoto wake wa kwanza, akaja kupumzika kwetu. Mke wangu alipanda darini akashuka na kikapu kimejaa. Nilikaa jikoni tukibandua maganda, nikamweleza binti yangu habari ya mkweme niliokata, maana yeye alikuwa mdogo wakati ule. Akaniuliza, "Baba, na huo dume uko wapi sasa?" Nikamtoa nje nikamwonyesha, na nikamwonyesha pia mche wa dume la pili niliolitambua mwaka uliopita, ili tusitegemee moja.

Darasani siku hizi, kila mwaka nawaleta wanafunzi wangu kihambani. Nawaonyesha mmea wenye matunda na mmea usio na matunda, nawauliza ni upi wa kukatwa. Karibu wote hunyosha kidole kule kule nilikoelekeza panga langu. Siwacheki. Nawaambia waende nyumbani wakawaulize bibi zao, kisha warudi kesho wanijibu. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kukata kwanza na kuuliza baadaye. Nami niliyeandika haya naufahamu ujinga huo vizuri, maana ulinifikisha ng'ambo ya korongo, jioni, na fedha zisizonunua kitu mkononi.