Mfungwa wa Gereza la Ngozi na Sheria Tunayoisoma Darasani



Kwaresima ya mwaka 2020 nilimweka mfungwa mmoja katika nia zangu za sala. Anaitwa Germain Rukuki, na wakati huo alikuwa katika gereza la Ngozi, kaskazini mwa Burundi. Sikuwa nimewahi kuonana naye. Nilichojua ni kwamba ni Mkristo, mume na baba wa watoto, na kwamba alikuwa amehukumiwa kifungo cha miaka 32 kwa kazi ambayo mimi na wewe tungeiita utume.

Germain alikuwa mhasibu wa ACAT-Burundi, chama cha Wakristo wanaopinga utesaji na adhabu ya kifo. Baadaye alifanya kazi na chama cha wanasheria Wakatoliki wa nchi hiyo. Mwaka 2015 Burundi iliingia katika machafuko, baada ya Rais Pierre Nkurunziza kuamua kugombea muhula wa tatu. Mashirika kadhaa ya kiraia yalisimamishwa, na Oktoba 2016 ACAT-Burundi ikapigwa marufuku kabisa. Tarehe 13 Julai 2017 Germain alikamatwa nyumbani kwake Bujumbura. Alishtakiwa kwa uasi na kuhatarisha usalama wa nchi, na tarehe 26 Aprili 2018 akahukumiwa. Alikata rufaa, lakini Julai 2019 hukumu ikabaki ileile.

Na ushahidi? Mahakama ilioneshwa barua pepe alizoandikiana na ACAT-Burundi wakati chama hicho kilikuwa bado kinafanya kazi kwa kibali cha serikali hiyohiyo.

Kwetu ni Kibondo, mkoani Kigoma, wilaya ambayo mwaka 2020 ilikuwa na kambi ya wakimbizi ya Nduta. Sisi Waha na Warundi tunaelewana bila mkalimani, na habari za ng'ambo ya mpaka hazichelewi kutufikia. Likizo iliyotangulia nilimsimulia mama yangu habari za Germain. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Frateri wangu, wewe ndiye unayesoma falsafa. Nieleze, mtu anafungwaje kwa barua aliyoiandika wakati kazi yake ilikuwa halali?"

Mama yangu hajasoma falsafa, lakini swali lake ndilo tunalolisoma darasani. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba sheria ina mambo manne: ni agizo la akili, inalenga mafao ya wote, inatolewa na mwenye dhamana ya kuitunza jumuiya, tena inatangazwa ili watu waijue. Likikosekana moja, kinachobaki kina sura ya sheria tu. Sasa tupime. Kumwadhibu mtu leo kwa alichokifanya jana kilipokuwa halali ni kumfunga kwa sheria ambayo haikuwa imetangazwa. Kumfunga anayeandika kwamba mtu fulani amepigwa akiwa mahabusu hakuleti mafao ya wote, maana aliyepigwa naye ni mmoja wa hao wote.

Najua serikali ina hoja yake. Mei 2015 palikuwa na jaribio la mapinduzi Burundi, watu wakafa, na kila dola ina haki na wajibu wa kujilinda. Hilo silipingi. Lakini kujilinda dhidi ya aliyeshika bunduki ni jambo moja, na kujilinda dhidi ya mhasibu ni jambo jingine. Anayehesabu majeraha siye aliyeyasababisha. Ukimfunga yeye, majeraha hayaponi; yanakosa tu mtu wa kuyataja. Hata mtawala mwenye nia njema anamhitaji mtu wa namna hiyo, kwa sababu walio karibu na kiti mara nyingi humwambia anachopenda kusikia.

Naye Germain hakuwa peke yake. Nestor Nibitanga, aliyekuwa mwangalizi wa haki za binadamu katika shirika la APRODH, alikamatwa Gitega Novemba 2017, na Agosti 2018 akahukumiwa miaka mitano.

Rafiki yangu mmoja hapa seminarini aliniambia, "Frateri, sisi tumeitiwa altare, si mahakama. Tena hayo ni mambo ya nchi ya wenzetu." Nilimjibu kwamba Bwana wetu alipoeleza hukumu ya mwisho alijihesabu miongoni mwa wafungwa, wala hakusema wawe wa nchi gani. Tukimwona altareni halafu tusimtambue gerezani, tutakuwa tumemwona nusu. Kanisa la Burundi lenyewe halikunyamaza. Mwaka 2015 maaskofu waliwaondoa mapadre wao katika kamati za uchaguzi, na Septemba 2019 barua yao ya kulaani ukatili wa kisiasa ilisomwa makanisani, ingawa serikali ilikasirika. Kama wachungaji walio karibu na moto wamesema, sisi tulio mbali tuna udhuru gani?

Kwa hiyo, kwa heshima yote inayostahili mamlaka, Kwaresima hiyo niliiomba Serikali ya Burundi iwaachie huru Germain Rukuki, Nestor Nibitanga na wote waliofungwa kwa sababu ya kutetea haki za wengine. Mwezi Mei 2020 nchi hiyo ilikuwa inakwenda kwenye uchaguzi, na Rais Nkurunziza hakuwa anagombea tena. Kiongozi anayekaribia kukabidhi madaraka anaweza kuacha nyuma yake milango iliyofunguliwa. Viongozi wa Burundi hulitaja jina la Mungu mara nyingi hadharani. Hakuna njia fupi zaidi ya kuliheshimu jina hilo kuliko kumrudishia mtu asiye na hatia uhuru wake.

Nao wasomaji niliwaomba mambo mawili. La kwanza, katika Jumuiya zao Ndogo Ndogo, walipotoa maombi, wawataje hawa kwa majina. Mtu akitajwa kwa jina ni vigumu kusahaulika. La pili, waandike barua fupi yenye adabu kwa ubalozi wa Burundi, kila mmoja asaini kwa jina lake na la parokia yake. Hawakuhitaji kuwa wanasheria. Swali la mama yangu lilitosha.

Mtoto wa mwisho wa Germain alizaliwa baba yake akiwa gerezani. Kwaresima hiyo ya 2020 alikuwa amevuka miaka miwili, na baba yake alikuwa bado hajambeba.